Uji wa Ukutani

Wapendwa wangu wa Mfaranyaki, Songea,

Mama, shikamoo. Baba Mkubwa, shikamoo. Kaka, shikamoo na wewe, ingawa kwa maneno uliyonitumia kwenye ule ujumbe wa sauti ulistahili kukaa mwaka mzima bila kuamkiwa. Watoto, marahaba. Najua hamjaniamkia, lakini naitikia kabisa tusipotezeane muda.

Hukumu yenu nimeipata. Mliomba picha za nyumba ya Ulaya ili sebule ya marehemu Baba itengenezwe kwa mfano wake, nikawatumia za kwangu, na kabla chai haijapoa mlikuwa mmekwisha kuamua kuwa nimefilisika. Mama anauliza kama mkwewe ameachishwa kazi. Shangazi wa Lizaboni anauliza zulia liko wapi, na kwa nini mbao za sakafu zimekosa hata vanishi. Kaka ndiye aliyevuka mpaka: anasema picha zile hawezi kumwonyesha fundi wa jipsamu, maana akiziona atadai alipwe chake chote kabla hajapanda ngazi.

Sasa kaeni niwaeleze mlichokiona.

Nyumba ni nzima, na tumeinunua kwa hela, tena hela ya mkopo wa benki. Iko kijijini, nje kidogo ya Falun, mji wa mkoa wa Dalarna, katikati ya Uswidi. Ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa magogo ya msonobari (ndiyo, Kaka, paini) yaliyolazwa moja juu ya jingine na kuumanishwa kwenye pembe bila msumari, nafasi za katikati zikazibwa kwa kuvumwani iliyokaushwa. Siku ya kwanza shemeji yenu aliingia, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Akasema anasikia harufu ya historia. Mimi nilivuta pumzi ileile nikasikia panya.

Lazima mjue kwamba huku lipo kundi la watu, na ndugu yenu nimeolewa humo bila kuonywa, ambao wakinunua nyumba ya zamani hawaitengenezi iwe mpya. Wanaitengeneza iwe ya zamani zaidi. Fundi wa kwetu anabandika, hawa wanabandua. Ukutani mwa chumba kikubwa kulikuwa na karatasi ya maua ya kahawia na machungwa ya miaka ya 1970, chini yake nyingine ya miaka ya 1950, chini yake nyingine tena, na chini kabisa magazeti ya karne ya 19, kwa sababu mwenye nyumba wa kwanza aliyabandika kuzuia upepo. Bibi naye pale Mgazini alibandika magazeti ya Kiongozi na Mzalendo ukutani, mnakumbuka, na sisi tulisomea humo. Basi mkweo, Mama, alianza kubandua asubuhi. Jioni nilimkuta juu ya ngazi palepale nilipomwacha, anasoma. Alikuwa na wasiwasi mkubwa kuhusu bei ya ng'ombe, iliyoshuka kabla babu yake hajazaliwa.

Halafu ukaja mlango. Miaka ya 1950 na 1960 Waswidi walipatwa na homa hiyohiyo iliyowapata ninyi sasa. Kila kitu cha wazee kikawa aibu. Milango ya paneli wakaipigilia hadibodi iwe bapa, maana bapa ndiyo usasa. Madirisha ya vioo vidogo vidogo wakayang'oa, wakaweka kioo kimoja kikubwa. Majiko ya vigae yaliyokuwa mpaka darini wakayavunja kwa nyundo na kuyapeleka jalalani. Leo wajukuu wao wanalipa pesa nzito kurudisha kila kilichotupwa. Mlango wetu wa chumbani ulikuwa umepigiliwa hadibodi pande zote mbili. Shemeji yenu aling'oa misumari mmoja mmoja, kwa adabu ya mtu anayemtoa mtoto mwiba, na ndani ukatokea mlango wa paneli nne, mzima, uliokaa gizani tangu kabla sijazaliwa. Machozi yakamlenga. Siku niliyojifungua alipiga picha tu.

Mama, sasa nakuja kwenye unga, na naomba uketi.

Ile rangi nyekundu ya nje, mliyosema ni kama ya darasa la shule ya msingi, ndiyo rangi ya Uswidi nzima, na kwao ni hapa Falun. Hapa palikuwa na mgodi wa shaba uliochimbwa kwa karibu miaka elfu moja hadi ulipofungwa mwaka 1992. Tangu 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Katika karne ya 17 sehemu kubwa ya shaba ya Ulaya ilitoka kwenye shimo hili. Walichimba kwa pupa na bila mpango hadi mwaka 1687 ardhi ikaporomoka yote kwa pamoja, ikaacha bonde ambalo ukisimama ukingoni kwake unajishika nguo. Ilitokea katika sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, wachimbaji wote wako mapumzikoni. Hakufa mtu. Tangu niliposikia habari hiyo sijabishana tena na Mswidi kuhusu siku zake za mapumziko.

Mabaki ya mgodi ule, udongo mwekundu wenye chuma uliorundikwa pembeni, ndiyo rangi. Maandishi ya zamani yanaitaja mwaka 1573, Mfalme Johan III akiitaka kwa ajili ya paa la kasri yake ya Stockholm. Baadaye matajiri wakapaka nyumba zao za mbao ili mpita njia adhani ni za matofali, kama za matajiri wa nchi nyingine za Ulaya. Baba Mkubwa, hebu fikiri. Watu walipaka mbao rangi wadhaniwe wana tofali la kuchoma! Sisi Songea tofali la kuchoma tunalo hadi kwenye banda la kuku, nasi tunalifunika kwa lipu na rangi ya krimu ili mtu asije akalijua.

Rangi yenyewe haichanganywi, inapikwa. Unachemsha maji kwenye pipa juu ya moto wa kuni, unatia chumvi ya chuma, kisha unatia unga wa rai, nafaka iliyo ndugu na ngano, kidogo kidogo huku unakoroga. Ukishaiva unatia ule udongo mwekundu, mwishoni mafuta ya kitani. Kwa maneno mengine, Mama, ni uji. Wanaupikia ukuta uji. Najua utakachosema, na nilikisema mimi kwanza, kwa Kingoni, ili nisimwudhi mtu. Mimi mtoto wa Ruvuma, mkoa unaolisha nchi mahindi, nimeishi hadi kuona nyumba inakunywa uji kabla ya watoto.

Shemeji yenu alikoroga kwa kijiti. Yakaingia madonge. Akasimama anayatazama madonge yake huku kitabu kikiwa wazi mkononi, na kitabu hakikuwa na msaada wowote. Nikamwomba asogee. Nikaingia ndani nikautoa ule mwiko wa Soko Kuu, Mama, ulioniwekea kwenye sanduku nikalalamika kwamba unachukua nafasi. Nikasonga. Jirani wa kwanza akaja uani na mikono mfukoni, akaja wa pili, wakasimama kimya kama Waswidi wanavyosimama, mpaka mmoja akauliza nilijifunzia wapi. Nikamjibu Mfaranyaki. Akatikisa kichwa kwa heshima, akidhani ni chuo.

Hiyo gundi ya uji, wanavyoeleza, ndiyo inayoushikilia udongo kwenye mbao, na ile chumvi ya chuma inazuia kuoza. Ushahidi wa hilo upo, nao wa kutisha kidogo. Mwaka 1719 wachimbaji wa hapa walikuta maiti ya kijana katika maji ya mgodi, hajaharibika, uso wake kamili. Hakuna aliyemtambua, mpaka akajitokeza mwanamke mzee akasema huyu ni mchumba wangu, alipotea mwaka 1677. Yeye amezeeka, mchumba bado kijana. Chumvi ya namna ileile ilimhifadhi. Wakamweka watu wamtazame kwa miaka mingi, na mazishi ya mwisho hayakufanyika hadi 1930. Mama, fanya ishara ya msalaba, tuendelee.

Kasoro ya rangi hii ni kwamba ukiiegemea na nguo ya kanisani unaondoka nayo. Watoto wangu wote wana mabega mekundu.

Ndani sasa. Kaka ameuliza kwa nini kila kitu kimepauka: viti vya kijivu, kabati la buluu iliyochoka, meza nyeupe isiyo nyeupe. Laumu mfalme. Gustav III alikuwa Paris mwaka 1771 alipopata habari kwamba baba yake amefariki na yeye ndiye mfalme. Alirudi kwao na kiti cha enzi pamoja na mapenzi makubwa ya makochi ya Kifaransa. Ila Ufaransa ilikuwa na dhahabu na marumaru, na Uswidi ilikuwa na paini. Wakafanya walivyoweza: wakanyoosha miguu ya viti, wakachonga maua machache, wakapaka kijivu na nyeupe, na penye kutakiwa marumaru wakamwita mchoraji achore mishipa ya marumaru juu ya ubao. Mfalme alipigwa risasi katika dansi ya vinyago pale Opera ya Stockholm, Machi 1792, akafariki karibu wiki mbili baadaye. Viti vikabaki, vikashuka kwa wachungaji, kutoka kwa wachungaji kwa wakulima, na kila kiliposhuka kilipungua maua kikaongezeka unene wa miguu. Huo ndio mtindo wa Kiswidi wa asili ambao watu wanavuka bahari kuja kuuona. Ni wakulima waliomwiga mfalme aliyewaiga Wafaransa.

Weupe una sababu nyingine, nayo naikubali. Desemba jua linazama hapa kabla ya saa tisa alasiri. Chumba kilichopauka kinaiokota nuru yoyote iliyopo na kuirudisha. Ukipaka kuta rangi ya maziwa na chai kama mlivyokusudia kupaka sebuleni, huku utajigonga kwenye meza hadi Pasaka.

Lakini, Kaka, neno langu kwako kama fundi ni hili: ni paini tupu. Mbao unazokatia fomu za zege. Hiyo sofa ya jikoni uliyoicheka, inayovutwa ikawa kitanda ambamo zamani alilala mtumishi wa kazi au watoto watatu, ni paini. Saa, paini. Kabati la maua, paini. Walipaka rangi kwa sababu mbao zao zilikuwa maskini na zilihitaji nguo. Mababu wa watu hawa wangekabidhiwa ubao mmoja wa mninga wa Namtumbo wangeuweka kanisani. Na hapo ndipo nilipotaka kufika, ila kwanza nimalizie safari, maana Baba Mkubwa amesema nieleze tulivitoa wapi.

Tulivitoa kwa marehemu. Usishtuke, Mama, ndiyo desturi. Mzee akifariki huku na watoto wake wana nyumba zao mjini, vitu vyake vinatolewa uani siku ya Jumamosi, anasimama dalali juu ya kreti, watu wanajaa na viti vyao vya kukunja, na mnada unaanza. Chungu cha marehemu, kitanda cha marehemu, miwani ya marehemu. Pembeni wanauza kahawa na mikate ya mdalasini. Siku ya kwanza nilivaa nguo nyeusi na kitambaa kichwani, nikawa natafuta wafiwa niwape pole. Nilimpata mmoja, mjukuu, anashindana bei na mtu baki kwa ajili ya kijiko cha bibi yake. Akashindwa. Nikampa pole hiyo.

Hapo ndipo tulipopata lile sanduku kubwa la mbao lenye jina ubavuni. Hilo ni sanduku la Amerika. Kuanzia miaka ya 1850 mpaka kufikia 1930 Waswidi wapatao milioni 1.3 walihamia huko, kutoka nchi ambayo mwaka 1900 ilikuwa na watu milioni tano tu. Walikimbia mashamba ya mawe, na wengine walikimbia njaa hasa. Wakaandika barua nyumbani, na bila shaka nyumbani wakazipitisha mkono kwa mkono wakisema huyu amefilisika. Mimi nimeweka blanketi humo. Kila nikilifungua najiona ni mtu wa ukoo.

Saa nayo ilitoka mnada huohuo. Inaitwa saa ya Mora, mji wa juu huko kaskazini kwetu, na ina umbo ambalo Baba Mkubwa asingeniruhusu kulieleza mbele ya watoto: kichwa cha mviringo, kiuno chembamba, kisha chini inapanuka na kutulia. Inasimuliwa kwamba mavuno yalipokuwa mabaya wakulima wa Mora waligawana kazi, shamba hili likatengeneza magurudumu, lile likasubu kengele, na saa ikauzwa nchi nzima ili watu wapate kula. Yetu inachelewa. Shemeji yenu anasema tusiirekebishe sana, ndiyo tabia yake. Angesema hivyo kuhusu mimi ninapochelewa ningefurahi.

Lile kabati la maua makubwa yanayofoka kama moto wa petroli ni uchoraji wa hapahapa Dalarna. Maua hayo si ya shamba lolote. Wachoraji waliyatoa kwenye Biblia, kwenye ule mmea uliomtilia Nabii Yona kivuli nje ya Ninawi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona, kila mmoja aliupa majani aliyoweza. Walitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji karne ya 18 na 19, wakilipwa chakula na hela kidogo, wakichora kuta na makabati. Watu wa Biblia waliwavalisha nguo za kijijini kwao. Nimeona kwa macho yangu wanawali kumi, wote wamevaa kama wanakwenda harusini Dalarna. Mafuta yamewaishia walewale watano.

Zulia, Shangazi. Mazulia yapo, ni ile mikanda ya rangirangi iliyotandazwa. Yamefumwa kwa matambara. Mama mkwe ndiye anayeyafuma; ana kitanda cha kufumia kikubwa kuliko jiko la Mama, na alijifunza katika chuo cha wananchi, aina ileile ya vyuo ambavyo Mwalimu Nyerere alivutiwa navyo huku na kuanzia 1975 vikaenea kwetu kwa jina la Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Alikuja akiomba nguo kuukuu. Nikampa mashuka. Akanyoosha mkono akaelekeza kabatini, kwenye vitenge. Nikamweleza kuwa kile cha kijani ni cha msiba wa Baba na kile cha njano ni cha Jumuiya. Akaelewa vizuri, akasubiri. Wanawake wa huku wanajua kusubiri. Baridi ilipofika nyuzi ishirini chini ya sifuri na kitenge kikawa hakina pa kwenda, nikatoa viwili vya zamani. Akavichana vipande kwa mkasi mbele yangu bila kupepesa. Sasa viko jikoni, vimefumwa pamoja na shati la baba mkwe, na ndilo zulia linalosifiwa kuliko yote. Mgeni mmoja mzee, mtu anayejua mambo haya, aliinama akalipapasa akauliza rangi hizi ni za wilaya gani ya Dalarna. Nikamwambia ni za kusini. Kusini sana.

Mbao za sakafu hazina vanishi kwa kuwa zinasuguliwa kwa sabuni laini ya mafuta na maji, kufuata uzi wa ubao, mwaka baada ya mwaka, hadi ziwe na weupe wa mfupa. Kusugua huko ndiyo mapambo yenyewe. Mama, ile adhabu uliyonipa kwa kuvunja birika, huku ni mtindo.

Mapazia hakuna. Kuna kitambaa chembamba juu ya dirisha, kifupi kama sketi ya mwalimu wa mazoezi, na chini yake kioo kitupu na taa imewekwa dirishani kwa makusudi. Jirani anatuona tukila. Mwanzoni nilikula ugali nimeipa barabara kisogo; sasa nimezoea, na yeye amezoea, hata akiniona nimechelewa kuosha masufuria ananipungia mkono. Inapofika Majilio kila dirisha la nchi hii linawekwa kinara cha taa saba zilizopangwa kama paa la nyumba, na hapo nakubali bila ubishi: katika giza lile, kijiji kizima kikiwaka hivyo juu ya theluji, hujutii mapazia.

Jiko lile refu la vigae, pembeni ya chumba, si kaburi la mtu kama mtoto mmoja alivyouliza. Mwaka 1767 serikali yao iliona misitu inakwisha kwa kuni, ikawapa watu wawili, Cronstedt na Wrede, kazi ya kutafuta jiko linalokula kidogo. Wakaupindisha moshi ndani ya matofali: upande juu, ushuke, upande tena, uache joto lake lote njiani kabla haujafika kwenye dohani. Unawasha mara moja, vigae vinakaa na joto hadi kesho yake. Kaka, ukijenga jiko la nje usikubali fundi aelekeze moshi moja kwa moja juu. Letu bado halijawashwa. Mkaguzi wa dohani alikuja, akapanda juu ya paa, akachungulia, akashuka na karatasi, na karatasi ikasema hapana. Hapa mtu mwenye karatasi ya hapana hapewi soda. Tunangoja fundi, na fundi wa mambo haya anangojewa kama askofu.

Nimeliacha jambo la choo kwa kuwa Baba Mkubwa huwa anasoma barua wakati wa chakula. Kaka ulipojenga choo cha ndani mwaka ule nilishangilia nikasema shimo basi. Sasa sikilizeni. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye nyasi, kipo kibanda chekundu chenye tundu la umbo la kopa mlangoni, na ndani yake ubao wenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, ili mtu asijisikie mpweke. Cha ndani kipo, msiogope, ila kiangazi shemeji yenu anapenda kile cha nje. Anasema kina utulivu. Amekipamba. Ukutani ametundika picha ya Mfalme Carl Gustaf na Malkia Silvia, imewekewa fremu na kioo. Nilidhani anataka kukamatwa. Kumbe ni desturi yao ya miaka mingi; vyoo vya nje vya shambani vina picha za familia ya kifalme na hakuna anayeona ni tusi. Kwetu picha ya Rais inakaa dukani juu ya rafu ya sabuni, na mwenye duka anaifuta vumbi kila asubuhi. Ukithubutu kuihamishia chooni, mjumbe wa shina atakuwa amefika kabla hujafunga mlango. Mimi bado naingia nimeinamisha macho.

Sasa lile la mninga, yaani kabati la Baba, nami nitalianzia kwa jirani.

Jirani na sisi, Sundborn, ipo nyumba ya mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin. Baba yake Karin aliwapa nyumba hiyo mwaka 1888, wakaijaza watoto na fanicha za zamani walizozipaka rangi nyekundu na kijani, Karin akifuma na kubuni, Carl akichora maisha yao. Kitabu cha michoro hiyo kilitoka mwaka 1899 na tangu hapo Waswidi wote wanataka kuishi humo. Inasimuliwa kwamba Karin alibuni kiti cha kubembea kilichonyooka kikavu, akampa seremala wa kijiji, na seremala alikiona kibaya hivi kwamba alikipeleka usiku asije akaonekana nacho barabarani. Leo watu wanalipa kiingilio kukitazama. Kaka, wewe ungekuwa seremala yule kabisa, na ningekuelewa.

Lakini kabati la Baba halihitaji usiku. Lilitengenezwa Peramiho, kwenye karakana ya wamisionari Wabenediktini waliofika pale mwaka 1898 na kufundisha useremala wa Kijerumani kwa vijana wa Kingoni mpaka vijana wakawapita walimu. Ni mninga mtupu, viungo vimeumana bila msumari, droo zinateleza kwa kidole kimoja, na kwa umri wake wote halijapakwa kitu isipokuwa nta na mikono yetu. Hapa Dalarna nimezunguka minada sijaona linaloligusa. Na ninyi, nasikia, mmelifunika vitambaa vitatu, mkaweka runinga juu, na sasa yupo mtu wa Majengo anataka kulichukua kwa bei ya sofa mbili za ngozi bandia ambazo zitaanza kuchanika kabla ya kumbukumbu ya Majimaji ijayo.

Hela ya jipsamu nimetuma. Nendeni mkaichukue, wekeni dari, wekeni na taa za kuzunguka pembeni kama Mama anavyotaka, nami nikija nitakaa chini yake nisifu. Rangi ya ukutani chagueni ninyi. Unga msiupike isipokuwa wa kula.

Ila kabati, Kaka, mrudishie mtu wa Majengo kishika uchumba chake leo hii. Akikataa kukipokea, nipigie usiku huuhuu, nitamlipa mimi mara mbili. Halafu toa hivyo vitambaa.

Dada yenu,
Falun, Uswidi